Kutoka Namirembe Hadi Kingo za Semliki, Njia ya Mwalimu Apolo Kivebulaya

Maisha ya Apolo Kivebulaya huelezwa zaidi kwa miujiza na mateso. Anayeifuata njia yake kwa gari na kwa miguu hukutana na jambo lingine lililo muhimu vilevile: umbali, mteremko, mto na chakula. Mwalimu huyu alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864 na kufa tarehe 30 Mei 1933 huko Boga, au Mboga kama ilivyoandikwa zamani, ng'ambo ya mto Semliki katika Kongo ya leo. Nilitaka kuona kwa macho kwa nini kijiji hicho kidogo kiliwashinda walimu waliotangulia, naye akadumu.

Nilianzia kilima cha Namirembe, Kampala, kwa sababu hapo ndipo alipofanywa kanoni, cheo cha heshima cha kasisi wa kanisa kuu, mwaka 1922. Kanisa kuu la Anglikana la matofali linaloonekana sasa lilikamilika mwaka 1919, kwa hiyo ni lile lile alilolijua yeye. Alikuwa amebatizwa Januari 1895, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi, baada ya kupitia Uislamu na uaskari. Mwaka huohuo akatumwa Toro, ufalme wa magharibi mwa Uganda, kuwa mwalimu wa kanisa. Ushemasi aliupata mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903, lakini kazi iliyomjaza siku zake tangu mwanzo hadi mwisho ilikuwa ualimu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu aliyetaka kubatizwa aliitwa msomaji, kwa sababu ilimlazimu kwanza ajue kusoma. Alianza na karatasi ya herufi na silabi, akaja kwenye Sala ya Bwana na Amri Kumi, kisha Injili. Vitabu vilikuwa vichache mno, hivyo watu walikaa mduara wakizunguka nakala moja. Ndiyo maana Uganda ya wakati ule ilikuwa na watu waliosoma vizuri kitabu kikiwa kimepinduliwa juu chini: walijifunzia upande huo wa duara. Adui mwingine alikuwa mchwa. Toleo moja la mapema la Biblia ya Kiganda lilichapwa dogo na nene makusudi ili liingie kwenye kopo la bati la biskuti, maana kitabu kilichoachwa juu ya udongo huliwa upesi. Kwa mwalimu wa kijijini kopo lile lilikuwa ndiyo maktaba.

Kutoka Kampala hadi Fort Portal kupitia Mubende ni kilomita kama 300 za lami. Basi la asubuhi hufika mchana. Apolo na wenzake waliitembea njia hii. Fort Portal iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, kuna baridi ya jioni na mvua nyingi, na Rwenzori hujificha mawinguni siku nyingi. Panda kilima cha Kabarole kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Yohana. Jina lake limo mjini humu pia, katika chuo cha ualimu cha Canon Apolo. Nimeona makaburi ya fahari na sanamu za viongozi wengi, ila kwa mtu huyu sidhani kuna kumbukumbu inayomfaa kuliko chuo kinachotoa walimu wa shule za msingi.

Mji huu una sura nyingine katika habari zake. Akiwa Boga, wakati wa ujenzi wa kanisa, dada yake Tabaro, chifu wa huko, aliangukia mkuki uliokuwa ndani ya nyasi, akafa. Apolo akashtakiwa kwa mauaji, akaletwa Fort Portal kwa minyororo na kufungwa. Mwenyewe alisimulia kwamba katika siku zile za kifungo alimwona Yesu akimwambia ajipe moyo. Aliachiliwa, akarudi kulekule. Tabaro, aliyekuwa amemtesa, hatimaye akabatizwa kwa jina la Paulo.

Kutoka Fort Portal panda teksi za Bundibugyo na ushuke Karugutu. Barabara ni lami, lakini imechongwa ubavuni mwa mlima wenye kona kali, na mvua ikizidi udongo huporomoka juu yake. Kaa dirisha la upande wa bonde. Ghafla miti inaachia na bonde la Semliki linatandazika chini, joto likipanda kadiri gari linavyoshuka, hadi kwenye uwanda ulio chini ya mita 700. Ng'ambo, upande wa magharibi, kuna ukingo mwingine wa vilima vya buluu. Boga iko huko juu.

Ukiwa umesimama Karugutu hesabu yote inaeleweka. Mwalimu aliyefika Boga mwaka 1896 alikuwa amevuka milima, uwanda wenye wanyama wakali, na mto. Hakuna ambaye angemletea chakula kutoka Toro kila wiki. Mishahara ya walimu ilitoka kwenye michango ya waumini wa Uganda wenyewe, nayo ilikuwa kidogo. Walimu wawili wa Kiganda waliomtangulia waliishi kwa chakula cha chifu, na chifu alipochukizwa akakikata. Hawakuwa wamelima. Kwa Waganda wa siku zile jembe la chakula lilikuwa kazi ya wanawake, na kumwona mwanamume mwenye heshima ameinama shambani kulikuwa aibu. Njaa ikawarudisha nyumbani. Apolo akaja akiwa tayari kulima, na nadhani hapa ndipo penye siri yake. Mwalimu anayekataza pombe na ndoa za wake wengi mbele ya chifu hawezi wakati huohuo kula kwenye sufuria ya chifu huyo.

Ila kulima si jibu la papo kwa papo. Wakulima wa mteremko huu hupanda migomba bado kwa namna ileile ya msingi. Huchaguliwa chipukizi lenye majani membamba mfano wa upanga. Lenye majani mapana halina nguvu. Shimo huchimbwa futi mbili upana na futi mbili kina, udongo wa juu ukawekwa kando ili urudishwe kwanza pamoja na samadi. Nafasi ni mita tatu kati ya shina na shina. Tunguu, yaani sehemu nene ya chini ya chipukizi, humenywa kwa kisu hadi liwe jeupe kabla ya kupandwa. Anayeruka hatua hiyo hupanda fukusi pamoja na mgomba: mabuu hutoboa tunguu kwa ndani, mizizi hulegea, na upepo wa kwanza huangusha mgomba wenye mkungu. Hata ukifanya yote sawasawa, mkungu wa kwanza huja baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Viazi vitamu vinataka miezi minne au mitano, maharage mitatu. Kwa hiyo mgeni asiyekuwa na akiba hukaa miezi mitatu ya kwanza, kwa uchache, mikononi mwa wenyeji. Kila niliposoma kwamba Apolo alipigwa, akafukuzwa, nyumba yake ikachomwa, nilifikiri pia juu ya shamba lililoachwa bila palizi.

Karugutu barabara inagawanyika: kushoto Bundibugyo, mbele uwandani kuelekea Rwebisengo na Ntoroko kwenye Ziwa Albert. Huku ni nchi ya wafugaji wa Batuku. Nenda kwa bodaboda wakati wa kiangazi. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba huugeuza udongo mweusi kuwa utelezi unaojaza magurudumu hadi yasizunguke, na hapo utasukuma pikipiki pamoja na dereva. Beba maji ya kutosha, kivuli ni haba.

Semliki yenyewe ni mto wa rangi ya udongo, unaokwenda kwa kasi na kula kingo zake. Usisimame ukingoni kabisa, udongo chini huwa umeliwa tayari. Mto huu ulipofanywa mpaka, na mkataba wa Waingereza na Wabelgiji ukathibitishwa mwaka 1915, Boga ikabaki Kongo na kanisa mama likabaki Uganda. Apolo, aliyekuwa amefanya kazi Toro miaka mingi, alirudi ng'ambo kipindi hicho na kukaa hadi kufa. Kuanzia miaka ya 1920 aliingia msituni kwa Wambuti, wawindaji wa msitu ule, akajifunza lugha yao na kuitafsiri Injili ya Marko. Hakuoa, kwa kuwa mchumba wake alifariki kabla ya ndoa. Alilea watoto wa wengine. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu ambako kazi ilikuwa haijafika, kinyume na desturi ya kukielekeza mashariki.

Sikuvuka. Boga na Tchabi zilishambuliwa usiku mmoja mwishoni mwa Mei 2021 na watu zaidi ya 50 waliuawa. Tangu hapo hali imekuwa ya kubadilika, na familia nyingi za upande ule zimekimbia makazi yao zaidi ya mara moja. Kanisa lililoanzia kwenye kibanda chake lilifanywa dayosisi mwaka 1972, na jimbo kamili la Anglikana mwaka 1992. Anayetaka kufika kaburini awasiliane kwanza na watu wa dayosisi ya Boga, awe na viza ya Kongo na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na agonge muhuri wa kutoka kwenye kituo halali cha uhamiaji. Mitumbwi ya wachuuzi ipo, lakini ukivukia huko huna muhuri, na askari wa ng'ambo watakuuliza.