Meli Ikishaondoka

Jioni hii nazifikiria zile saa mbili tatu ambazo hakuna anayeziweka kwenye ratiba ya safari ya meli ya kitalii: kati ya daktari wa meli kutamka "huyu lazima ashuke" na meli kung'oa nanga. Safari yenyewe huenda imewekewa akiba kwa miaka, chumba chenye roshani kimelipiwa, kila bandari imesomewa. Ugumu wa kurudi nyumbani, kwa sehemu kubwa, unaamuliwa ndani ya saa hizo. Na meli haisubiri. Nafasi yake gatini ina mwisho, rubani wa bandari, yule anayeiongoza meli kutoka, ameshaitwa, na ndani kuna maelfu ya watu wengine.

Tatizo ni kwamba meli humdekeza mtu. Chakula kipo, lugha inaeleweka, na katika baadhi ya meli hata pasipoti hutunzwa na watu wa mapokezi. Abiria anapita nchi nne bila kujisikia yuko ugenini. Kisha anashushwa kwa machela, na dakika kumi baadaye ni mgonjwa kwenye nchi ambayo pengine hakuiombea hata viza.

Zahanati ya meli ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani, ila si hospitali. Kwa kawaida ina oksijeni, kipimo cha moyo, maabara ndogo, mara nyingi eksirei, na mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua kwa muda. Chumba cha upasuaji kwa kawaida hakuna, wala akiba ya damu. Ndiyo maana wanaoshushwa ni wale wale: mshtuko wa moyo, kiharusi, nyonga iliyovunjika, damu inayotoka tumboni, nimonia inayotaka oksijeni usiku kucha. Daktari hushauri, nahodha huamua. Kubishana nao naona ni kuchezea muda ambao hautarudi.

Meli ikiwa katikati ya bahari, watu hudhani helikopta itakuja tu. Helikopta ina mipaka ya mafuta, na ikivuka maili za baharini 200 kutoka pwani nyingi haziwezi kwenda na kurudi. Meli inayokwenda maili 20 za baharini kwa saa hukata takriban kilomita 37, kwa hiyo nahodha mara nyingi huona bora kubadili mwelekeo na kukimbilia bandari. Helikopta ikija, mgonjwa huvutwa juu na mkoba mdogo tu, na mwenzi wake anaweza kubaki melini hadi bandari inayofuata. Hilo lijulikane mapema, maana mwenye simu, kadi ya benki na namba ya bima asiwe yule anayebaki.

Kufunga mizigo kwa haraka kuna namna yake. Kwanza pasipoti zote mbili kutoka mapokezi, halafu sefu ya chumbani, ambayo watu huisahau mno. Dawa ziwe kwenye pakiti zake zenye jina, zikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na miwani, meno ya bandia, kifaa cha kusikilizia na chaja. Kingine ni viatu. Mgonjwa hutolewa akiwa na gauni la zahanati na ndala, na siku akiruhusiwa hospitali hana cha kuvaa uwanja wa ndege.

Zahanati idaiwe karatasi kabla ya kushuka: ripoti ya daktari, dawa zilizotolewa na saa zake, nakala ya kipimo cha moyo, picha za eksirei, na ankara iliyochanganuliwa huduma kwa huduma. Gharama za zahanati huingizwa kwenye akaunti ya chumba na hulipwa kwanza, bima hudaiwa baadaye. Jumla tupu isiyo na mchanganuo ndiyo bima huirudisha.

Kuna mtu mmoja ambaye wasafiri wengi hawajui kuwa yupo: wakala wa meli bandarini. Huyu ni mwenyeji aliyeteuliwa na kampuni ya meli kushughulikia mambo yake nchi kavu. Ndiye anayeita gari la wagonjwa, anayezungumza na uhamiaji, anayejua hospitali ipi ina daktari wa moyo. Jina lake, simu yake na jina la hospitali viandikwe kwenye karatasi kabla ya kushuka ngazi. Kesho yake atakuwa na meli nyingine, kwa hiyo aulizwe mapema pia huduma zake analipa nani.

Simu ya bima ipigwe mgonjwa angali melini kama inawezekana. Kitengo cha dharura cha bima hutoa namba ya faili, na daktari wao huongea na daktari wa hospitali. Familia ikijikodia yenyewe ndege ya wagonjwa bila idhini yao, bima inaweza kukataa kulipa, na hapo tunazungumzia makumi ya maelfu ya dola. Tena isomwe vizuri: kifungu cha kumhamisha mgonjwa mara nyingi kinaahidi kumfikisha hospitali ya karibu inayofaa, si ya nyumbani kwao. Fidia ya kukatiza safari nayo ni kifungu kingine kabisa, chenye kiwango chake, na ugonjwa wa zamani ambao haukutajwa wakati wa kununua bima unaweza kuviangusha vyote viwili.

Kisha ndege. Hapa ndipo subira hupimwa, kwa sababu mgonjwa anajisikia nafuu lakini haruhusiwi kupanda. Hewa ya ndani ya ndege ikiwa angani ni nyepesi kama ya mlima wa mita 2,000 hadi 2,400. Oksijeni hupungua na gesi iliyonaswa mwilini hutanuka. Ndiyo sababu aliyefanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo huambiwa asubiri takriban siku 10, na wa matundu madogo siku 4 au 5. Mshtuko wa moyo usio na matatizo mengine ni siku 7 hadi 10. Mguu uliofungwa plasta gumu chini ya saa 48 zilizopita, kwa safari inayozidi saa mbili, plasta hupasuliwa kwa urefu, la sivyo mguu utavimba bila pa kwenda. Shirika la ndege hutaka fomu yake ya kitabibu ijazwe na daktari anayemtibu. Mgonjwa wa kulala kwenye machela huchukua nafasi ya viti kadhaa, na vyote hulipiwa. Mwenye kiti cha magurudumu cha betri ya lithiamu inayoweza kuchomolewa ajue uwezo wake kwa wati-saa: mpaka wa kawaida ni 300 kwa betri moja, au betri mbili za 160 kila moja.

Tiketi ya kurudi iliyokuwepo isiachwe ife. Shirika lipigiwe kabla ya saa ya kuondoka, maana abiria asipotokea bila taarifa, vipande vya safari vinavyofuata hufutwa vyenyewe.

Karatasi za uhamiaji zina mitego. Raia wa Marekani akianza na kumaliza safari katika bandari moja ya kwao anaruhusiwa kwenda Karibi kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chenye picha. Akishushwa katikati ya njia, cheti hicho hakimpandishi ndege, na inabidi kuusubiri ubalozi utoe hati ya dharura. Mwenye viza ya Schengen (eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani) ya kuingia mara moja, meli ikitoka eneo hilo, ajue ameshaitumia. Na ipo sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayokataza meli ya bendera ya kigeni kusafirisha abiria kati ya bandari mbili za nchi hiyo. Aliyepanda Seattle akateremka moja kwa moja Juneau huweza kuiletea kampuni faini, na kampuni humgeuzia yeye. Dharura ya ugonjwa huweza kusamehewa, lakini iwe na maandishi ya daktari.

Wakati mwingine si mtu mmoja, ni meli nzima. Machi 2019 meli ya kitalii Viking Sky ilizimika injini katika dhoruba karibu na Hustadvika, Norwei, kwa sababu mafuta ya kulainisha injini yalikuwa machache na meli ikiyumba pampu zikakosa cha kuvuta. Kati ya watu 1,373, 479 walinyanyuliwa kwa helikopta mmoja mmoja. Februari 2020 meli ya Westerdam, iliyotoka Hong Kong, kwa hofu ya virusi vya korona ilikataliwa na Ufilipino, Taiwan, Japani, Guam na Thailand kabla ya Kambodia kuipokea Sihanoukville. Mwezi uliofuata, korona ikiwa imeenea, meli ya Zaandam iliondoka Buenos Aires na hatimaye ikafika Florida tarehe 2 Aprili, wanne wakiwa wamekufa ndani yake. Katika hali hizo kampuni hushughulikia ndege, lakini kwa mpangilio wake, na anayejipangia mwenyewe bila kuwaarifu huweza kukosa vyote. Bandari ikirukwa tu, mkataba wa abiria karibu kila mara humpa nahodha haki hiyo, na kinachorudishwa huwa ni ushuru wa bandari, basi.

Madai yapelekwe na barua ya kampuni ya meli yenye tarehe, saa na bandari ya kushushwa, kwa kuwa bima huhesabu siku zilizopotea kuanzia hapo. Mizigo iliyobaki chumbani hupelekwa bandari ya mwisho wa safari, na gharama ya kuisafirisha kutoka huko mara nyingi haimo kwenye bima yoyote.