Jioni ya "by" na "until" pale Himbi

Jana usiku mtoto wa dada yangu kaniandikia: "Shangazi, 'by' ni 'na' ao ni 'kwa'?" Kabla sijamjibu, mawazo yalikwisha kunipeleka Himbi, mtaa wa Goma, kwenye darasa la jioni la Kiingereza nililofundisha mwaka 2022. Kongo ilikuwa imesaini tarehe 8 Aprili mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na watu waliojaa madawati yale walikuwa wa biashara: walitaka kuelewa tarehe, bei na mizigo.

Jioni moja deklarant mmoja, mtu wa kushughulikia hati za forodha, aliingia simu mkononi, hata ubao sijaufuta. Mteja wake wa Mombasa alikuwa amemwandikia: "Please send the documents by Thursday. Our office is open until Friday noon." Yeye hati alizituma Ijumaa asubuhi. Lori likabaki mpakani, maegesho yakalipiwa usiku baada ya usiku. Sentensi zote mbili alizisoma kwa Kifaransa kichwani, zote zikampa "jusqu'à"; alipozigeuza kwa Kiswahili, zote zikampa "mpaka". Basi akashika ile tarehe ya mbali.

Nilichora mstari ubaoni kutoka Jumatatu hadi Alhamisi, nikaujaza chaki wote, mnene. Hiyo ni "until": jambo linaendelea bila kukatika, kisha hapo linakoma. Vitenzi vyake ni vya kudumu, kama "wait", "stay", "work", "be open". Chini yake nikachora mstari mwingine, mwembamba, nikaweka nukta moja tu. Hiyo ni "by": tendo linakamilika mara moja, kama "send", "pay", "arrive", "finish". Nukta inaweza kukaa Jumanne, Jumatano au Alhamisi yenyewe, mradi Alhamisi isiishe kabla haijawekwa. Ukisema "Stay here by Thursday", Mwingereza atakuangalia tu. Ukisema "Pay me until Thursday", umemwambia aendelee kukulipa kila siku.

Mama mmoja muuza vitenge wa Birere akanyanyua mkono. "Mwalimu, mimi waliniandikia 'You have until Thursday to pay'. Kulipa si nukta?"

Swali zuri sana. Nikamwambia, "Mama, angalia kitenzi ambacho 'until' inakishika." Hapo ni "have": nafasi uliyopewa ndiyo inayoendelea hadi Alhamisi, ndiyo chaki iliyojaa. Malipo yenyewe ni nukta ndani yake. Kwa hiyo "You have until Thursday to pay" na "Pay by Thursday" zinakupa mwisho uleule kwa njia mbili.

Hakuketi. "Na hii: 'The lorry will not arrive until Thursday'? 'Arrive' umeiweka kwenye nukta."

Darasa likatulia, kalamu zikasimama. Nikafuta ubao, nikaandika sentensi mbili, moja juu ya nyingine:

The lorry will not arrive until Thursday.
The lorry will not arrive by Thursday.

Nikawaomba wasitafsiri kwanza, waniambie tu mwenye kupata sentensi ipi ndiye aite wapakuzi Alhamisi. Wakagawanyika. Deklarant ndiye aliyeiona. Alikuja mbele, akachukua chaki, akajaza mstari mzima mpaka Alhamisi, akasema: "Kutofika ndiko kunaendelea." Ndivyo ilivyo. Ukishaweka "not", kinachodumu ni ule ukosefu. Lori halipo Jumatatu, halipo Jumanne, halipo Jumatano. Alhamisi ukosefu unakoma, lori linaingia. Ita wapakuzi. Sentensi ya pili inasema Alhamisi itaisha na nukta haijawekwa. Usiite mtu, utalipa watu wa kukaa bure.

Yaliyobaki tuliyapita haraka, maana umeme ulianza kuyumba. "By boat" bila kitu katikati, kama unavyokwenda Bukavu. Ukitaja chombo chenyewe, sema "on the boat" au "in my car", kamwe si "by my car". Kwa miguu ni "on foot". Mtendaji anachukua "by", chombo cha kazi kinachukua "with": "written by my brother with a pen". Bei ikipanda "by 5 dollars", hiyo ni nyongeza. Ikipanda "to 5 dollars", hapo ndipo ilipofika. Kiswahili kinatusaidia hapo: kwa dola 5, hadi dola 5. Lakini kilekile "kwa", pamoja na "par" ya Kifaransa, kinatuponza kwenye "mara mbili kwa wiki". Goma nzima utasikia "two times by week". Ni "twice a week".

Ndiyo maana orodha ya tafsiri za "by", kama aliyoitaka mtoto wa dada yangu, naiogopa kidogo. "Na", "kwa", "kando ya", "kufikia": kila moja ina haki mahali pake, na sijui kama mtoto wa sekondari anasaidika zaidi kwa orodha au kwa mistari miwili ya chaki. Mimi nategemea mistari, ingawa mitihani huuliza orodha.

Deklarant alikuwa na swali moja tena: je, Alhamisi yenyewe imo ndani ya "by Thursday"? Kwa kawaida imo. Mikataba inayotaka kuondoa ubishi huandika "on or before Thursday". Ila saa ngapi, neno lenyewe halisemi. Nikamshauri adai saa: "by 5 p.m. on Thursday". Mama wa vitenge akauliza ni saa za nani, kwa sababu Mombasa iko mbele ya Goma kwa saa 1. Ikigonga 5 p.m. kule, huku ni 4 p.m. Basi wakaandika pamoja ujumbe wa kutuma usiku uleule: "By what time on Thursday, Goma time or Mombasa time?"