Nilivyowaona ndege wa Pemba kwa mvua ya vuli

Kila niliyemwambia kuwa nakwenda msitu wa Ngezi, Pemba, mwezi wa Novemba kutazama ndege alinijibu vilevile: subiri kaskazi, vuli utalowa bure. Wengi wao darubini hawajawahi kuishika. Basi niseme wazi: ndege wote wanne ambao hawapatikani popote duniani ila Pemba niliwaona siku moja, na mvua ndiyo iliyonisaidia.

Chozi, yule kidege anayenyonya maua, hana kazi kumpata. Utamkuta mjini Wete kwenye maua ya migomba hata kabla hujapanda gari. Kidege cha manjano chenye duara jichoni nacho kiko vichakani kila mahali. Kazi ni kumpata ninga, yaani njiwa wa kijani, na bundi.

Duka moja lilinishauri ninunue koti la mvua, nikatoa kama elfu thelathini. Halifai kabisa. Ukinyanyua mkono tu linachakarisha, na ndege wa msituni kwanza unamsikia, ndipo unamwona. Nikalivua, nikachukua mwavuli wa kawaida: mpini nikaupitisha mgongoni ndani ya mkanda wa suruali, juu nikaukaza kifuani kwa kipande cha kanga kuukuu. Mikono yote miwili ikabaki kwa darubini, na wala sikuwa na haja ya mtu wa kunishikia. Kipande kingine cha kanga, kikavu, nilikiweka ndani ya kopo la dawa lenye kifuniko cha kuzungusha, kwa ajili ya kufutia vioo. Usifutie shati. Shati limelowa, utapaka ukungu tu.

Mzee mmoja wa Konde alinipa neno lililozidi vitabu vyote: "Mwanangu, mvua ikianuka usitembee. Simama penye uwazi, watapanda wenyewe kujianika." Nikasimama kando ya njia ya Kigomasha, pale inapokata msitu. Mvua ilipokatika, ninga watatu wakatua kwenye tawi kavu juu kabisa ya mvule, wakatandaza mbawa. Siku ya jua ninga hujificha majanini, naye ni kijani kama jani lenyewe, utapita chini yake usijue. Siku ile niliwatazama mpaka shingo ikauma, miguu ya manjano na yote!

Bundi wa Pemba, pamoja na ninga, aliandikwa kitaalamu na Pakenham, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi serikalini Zanzibar: bundi mwaka 1937, ninga 1940. Watu wetu wanamwogopa bundi kwa mambo ya mikosi, na inaniuma, maana huyu ni mdogo, chakula chake wadudu, na akitoweka hapa ametoweka duniani. Usimtafute mchana. Baada ya magharibi nilikwenda na mwongozaji wa msitu, tukazima tochi, tukasikiliza. Analia mara moja, anakaa, analia tena, na mwenzake anajibu. Ukishapata sauti mbili umepata upande. Tochi tuliwasha kwa muda mfupi, tukamwona mwekundu wa kutu kwenye tawi la chini, tukazima. Ukimmulika sana unamsumbua.

Ada ya kuingia na ya mwongozaji niliyolipa haikuwa kubwa, ila uliza kabisa bei ya usiku. Na bodaboda wa kukurudisha Konde patana naye mchana, umlipe nusu, maana mvua ikianza tena usiku hakuna atakayekufuata Ngezi.