Chumvi ilivyoniulia dhahabu yangu

Aisee wiki iliyopita nimeua mililita 50 za dhahabu kwa uzembe tu. Sio dhahabu ya pete jamani, ni ile ya chembechembe, kila moja nanomita 40 hivi, zinaelea kwenye maji na rangi yake nyekundu kama juisi ya rozela. Ndo hiyohiyo inayofanya kamstari kekundu kwenye vipimo vingi vya haraka vya malaria, imevishwa kingamwili, yaani protini.

Sasa mi nilikuwa na haraka, nikasema ngoja nitangulize bafa ya chumvi (maji ya chumvi yanayoshikilia kiwango cha uchachu kisiyumbe), protini itafuata. Weee! Sijamaliza hata kumimina, rozela imegeuka zambarau, mara bluu ya wino. Nikabaki nimeshika chupa tu.

Kinachotokea ni hivi. Chembe zikiwa uchi zina chaji hasi juu yake kwa sababu ya sitreti (jamii ya asidi ya limao) tuliyopikia, kwahiyo zinasukumana, hakuna anayemsogelea mwenzake. Kwenye maji yenye chumvi kidogo sana, milimola 1 kwa lita, huo msukumo unafika kama nanomita 10. Ukipandisha chumvi mpaka kiwango cha damu, ioni za sodiamu zinajazana pembeni ya chembe zinaifunika ile chaji, msukumo haufiki hata nanomita 1, basi zinakaribiana, zinanasana, na zikishanasana ndo zinakuwa bluu. Kalsiamu na magnesiamu ndo balaa zaidi, maana zina chaji mbili, kidogo tu kazi imeisha.

Protini ikitangulia mambo yanabadilika, maana haitegemei chaji peke yake. Fikiria daladala ambayo kila abiria kakumbatia ndoo kifuani, hata konda asukume vipi hamtagusana vifua. Ila ndoo ziwe za kutosha! Protini ikiwa kidogo inaweza hata kuharibu zaidi, moja inashika chembe mbili kwa pamoja inakuwa daraja. Na pH, yaani kipimo cha uchachu, ikiangukia pale protini inapokosa chaji, albumini ya ng'ombe ni kwenye 4.7 hivi, nayo inaanza kuyumba.

Haya mambo ya kale kweli. Mwanasayansi Mwingereza Faraday aliyaandika 1857, kwamba chumvi inaigeuza dhahabu bluu. Halafu mkemia Zsigmondy akaja na namba ya dhahabu, kipimo cha nguvu ya mlinzi: unachukua mililita 10 za dhahabu nyekundu, unaweka mililita 1 ya chumvi ya asilimia 10, unaangalia ni miligramu ngapi za kitu cha kuilinda zinakaribia kuiokoa lakini zinashindwa. Jelatini haizidi hata sehemu ya mia ya miligramu, wanga wa viazi kama 25. Yaani ugali wa viazi ndo mlinzi mbovu kuliko wote, nilicheka.

Jana nimerudia kwa adabu. Nimepanga vityubu, protini inapanda kidogo kidogo, nikasubiri dakika 10, ndo nikatia chumvi. Vitatu vya mwanzo bluu, cha nne zambarau ya kinafiki hivi, cha tano nyekundu safi. Nikachukua kipimo cha cha tano nikaongeza kidogo, na chupa nzima imelala kwenye chumvi mpaka asubuhi bado rozela.

Ile iliyoharibika sijaimwaga, ipo dirishani. Imeshatua yote chini, tope jeusi, maji juu meupe kabisa.