Nilivyopata tenda ya shuka bila kumjua mtu

Kila niliyemwambia nataka kuomba tenda ya serikali aliniuliza swali lile lile: "Unamjua nani huko?" Simjui mtu. Mimi ni fundi cherehani hapa Mombasa, nina vyerehani vinne na mabinti watatu tunaoshona pamoja, na mwaka juzi tuliishonea hospitali ya umma shuka 300.

Cheti cha AGPO, kinachokuruhusu kuomba tenda ambazo serikali imeyatengea makundi maalum, hakilipiwi. Kijana mmoja alinitaka elfu nane na ushei eti anishughulikie. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inazitaka taasisi za serikali zitenge angalau asilimia 30 ya manunuzi kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Biashara yangu ni yangu mwenyewe, niliomba na nikapata.

Tenda ya kwanza niliikosa, na bado inaniuma. Siku ya ufunguzi bei zilisomwa mbele yetu, yangu ikawa ya chini kuliko zote. Nikarudi nyumbani nikijua nimepata. Wiki zikapita kimya. Jirani akaniambia, "Dada, si nilikwambia? Wenyewe wameshagawana." Lakini sheria inasema aliyekosa aelezwe sababu, nami nikaenda kuidai yangu. Mara tatu nilienda. Barua nilipoipata, sababu ilikuwa moja: kurasa hazikutiwa nambari kwa mfululizo. Fomu zao nilizitia nambari, ila nakala za vyeti na karatasi za benki nilizoambatisha nyuma niliziacha vivi hivi. Nililia njia nzima. Lakini afadhali nilijua, kuliko kukaa nikiamini nimedhulumiwa.

Ilipotangazwa ya shuka, binti wa kaka yangu alikaa sakafuni na kalamu, mimi namkabidhi karatasi moja moja.

"Shangazi, hata huu mtupu?"

"Hata huo, mwanangu."

Tulifika 94, kisha tukahesabu tena tokea mwanzo. Halafu mtu asikutume benki kutafuta dhamana ya zabuni, yaani ahadi ya benki kwamba hutajitoa kwenye tenda: sisi wa makundi haya tunajaza na kutia sahihi fomu ya tamko, basi.

Nikapata. LPO, yaani hati ya hospitali ya kuniagiza shuka, ikatoka, hela za kitambaa sina. Tajiri mmoja akanijia: nimwachie cheti na LPO, yeye alete shuka zilizoshonwa nje, mimi nibaki na kumi kwa mia. Nilikataa palepale. Asilimia 30 hazikutengwa ili niwe mlango wa mtu mwingine kupitia, na mabinti wangu wangeshona nini? Hazina ya wanawake hukopesha kwa LPO, lakini siku nilizopewa za kupeleka mzigo zilikuwa chache. Nikaenda Biashara Street kwa mzee ninayenunua kwake tangu nikiwa mwanafunzi wa ushonaji. Nikamtandazia LPO mezani. Akavaa miwani, akaisoma mara mbili, akashusha robota.

"Chukua cha nusu, mwanangu. Ukimaliza hicho njoo uchukue kilichobaki."

Nilimwachia pesa za chama, elfu arobaini hivi.

Pindo tulizikunja mara mbili na kuzipiga mishono miwili. Mama alipolazwa niliona shuka za wadi zilivyofumuka pembeni, nyuzi zinaning'inia hadi chini, na sikutaka mgonjwa yeyote alalie kazi yangu ikiwa hivyo.

Malipo yalichukua karibu miezi minne. Kila Alhamisi nilikuwa kwa mhasibu. Siku moja nikaambiwa hati ya kupokea mzigo haionekani. Nikatoa nakala yangu yenye muhuri wao na sahihi ya mtunza stoo. Kwa hiyo ukipeleka mzigo, usiondoke bila muhuri kwenye nakala yako, hata kama gari linakupigia honi.

Pesa ziliingia Jumatano saa kumi jioni. Nilifunga duka nikapanda matatu kumuwahi mzee. Alizihesabu, akafungua daftari, akalipiga jina langu mstari, kisha akaniuliza safari ijayo nitataka robota ngapi.