Chupa niliyoimwaga

Siku nilipoikamata ile chupa nilijiona nimefanya la maana. Ilikuwa Jumanne mchana, saa ya kuona wagonjwa, na mke wa mgonjwa wa kitanda cha dirishani alikuja na hotpoti ya wali wa nazi na chupa ya maji. Nilipofungua kizibo, harufu ya gongo ikanipanda puani. Nikamsema mbele ya wodi nzima, nikaenda kuimwaga kwenye sinki. Mama wa watu aliinamisha kichwa, hakujibu.

Mumewe alikuwa mwashi wa Makorora, umri wa miaka 40 na ushei, ameanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi na kuvunjika paja. Tangu Jumamosi alikuwa mtulivu, analalamikia mguu tu. Faili lake, pale penye swali la pombe, liliandikwa "hatumii". Mimi ndiye niliyemuuliza. Nilimuuliza hivi: "Baba, wewe hunywi pombe, eti?" Mkwewe kasimama pembeni na kanzu yake, hapa Tanga yetu, nani atajibu ndiyo?

Jumatano sikuwa kazini. Niliporudi Alhamisi kwa zamu ya usiku nikakuta asubuhi ya Jumatano ametetemeka na kutoka jasho, akapimwa malaria, hakuna kitu. Usiku wake akapata kifafa kwa mara ya kwanza maishani. Na sasa, saa nane ya usiku, alikuwa ameketi kitandani anachambua shuka kwa ncha za vidole, taratibu, kama mama anayetoa mawe kwenye mchele. "Sista, siafu hawa," akaniambia. "Nisaidie, wananiingia kwenye bandeji."

Ndugu yake aliyelala naye alishaamua kwamba ni jini. Alikuwa na kombe (maji yaliyooshea aya) kwenye chupa, na anataka ruhusa asubuhi wampeleke kwa fundi (si fundi wa ujenzi, mnanielewa). Mlinzi naye alikuja na kamba. Nilisimama pale nikahesabu: Jumanne mchana mpaka sasa, kama saa 60. Tumbo likanikata.

Tulifundishwa chuoni, tukajibu mtihani, tukasahau. Pombe huutuliza ubongo. Anayekunywa kila siku kwa miaka, ubongo wake huzoea kukanyaga mafuta ili kushindana na hiyo breki. Ukiitoa breki kwa siku moja, gari linaondoka lenyewe. Kutetemeka na jasho huanza ndani ya saa 6 hadi 24 tangu kinywaji cha mwisho, kifafa huja zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo, na kuweweseka kwa namna ile huingia kati ya siku ya pili na ya nne. Kunaweza kuua. Kwa hiyo niliyemwaga chupa bila kumwambia daktari nilikuwa nimeanzisha saa ya mtu, nikaenda zangu nyumbani kulala.

Daktari wa zamu alikuja haraka. Akapima sukari, akamkagua kichwa na kifua, maana mlevi naye huumia kichwa na huugua nimonia kama watu wengine. Diazepamu, dawa ya kuutuliza ubongo, ikaingia kwenye mshipa polepole, ikarudiwa, mimi nikihesabu pumzi. Tukampa na sindano ya thiamini, yaani vitamini B1. Wanywaji wa muda mrefu huishiwa nayo, na ukimtundikia dripu ya sukari bila thiamini unaweza kumharibu kumbukumbu zisirudi tena. (Sukari ikiwa imeshuka sana haisubiri, vinakwenda pamoja.) Kamba nikamrudishia mlinzi. Tukaacha taa moja, nikamweka ndugu yake karibu amtajie jina lake na mahali alipo, kila akishtuka. Kombe sikuligombania.

Alfajiri nikamwita mkewe nje, kwenye benchi. Nikaanza kwa kumwomba radhi. Ndipo aliposema: "Sista, mimi sikuwa namlevya. Nilikuwa namzimua. Asipopata asubuhi mkono hautulii, hata mwiko haushiki."

Baada ya hapo nilibadilisha swali. Siulizi tena kama mtu anakunywa. Namtoa mgonjwa kwa ndugu zake, namwambia haya huwauliza wote, kisha: "Mara ya mwisho kunywa ilikuwa lini, saa ngapi? Ilikuwa mnazi, bia au gongo? Kata ngapi?" Watu hujibu. Lipo dodoso la maswali 10 la Shirika la Afya Duniani, liitwalo AUDIT, na tafsiri yake ya Kiswahili imeshapimwa Moshi kwa wagonjwa walioumia kichwa. Tukizidiwa, maswali 3 ya mwanzo yanatosha kunishtua. Kwa anayetetemeka tuna jedwali la CIWA-Ar, la kupima ukali wa dalili za kukosa pombe: namwambia anyooshe mikono, naangalia vidole, jasho, kichefuchefu, wasiwasi, kama anaona au kusikia visivyopo. Mambo 10, alama mpaka 67. Chini ya 8 mara nyingi tunaangalia tu na kurudia kupima. Zikipanda, daktari anaitwa, hata kama ni saa tisa usiku na hatafurahi.

Wenzangu wengine bado husema tunawadekeza walevi. Nimeacha kubishana nao, nawapa jedwali.

Mwashi alipopata akili zake tulizungumza mara kadhaa, bila mahubiri. Ya mkwewe yalimtosha. Nilimuuliza, kwenye 0 mpaka 10, kuacha kuna umuhimu gani kwake. Akasema 4. Nikamuuliza kwa nini si 1. Akanyamaza sana, kisha akasema kijana wake anamtania kwamba timazi hutulia kabla ya baba.

Alirudi kliniki ya mifupa kwa magongo, mkewe nyuma. Nikamuuliza swali langu.

"Ijumaa, sista. Kata mbili za mnazi. Gongo sijagusa."

Nikaandika Ijumaa, kata mbili, nikampa tarehe ya kurudi.