Jinsi Nilivyojifunza Upya Kushika Stiki za Drams

Jumapili moja ya mwezi Juni 2017, baada ya ibada ya pili, nilishindwa kufungua kifuniko cha chupa ya maji. Nilikuwa nimepiga drams kanisani kwetu Mwanza kwa muda wa karibu saa tatu, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa sebene, yale mapigo ya haraka ya muziki wa Kikongo ambayo siku hizi nyimbo nyingi za sifa haziendi bila hayo. Mkono wa kushoto ulikuwa umekakamaa kuanzia kiwiko hadi kwenye kifundo, na vidole viwili vya mwisho vilikuwa na ganzi. Nilikuwa na miaka minne ya kuipigia kwaya yetu drams, na muda wote huo niliamini kwamba maumivu ni sehemu ya kazi, kama vile mkulima anavyoamini kwamba msimu wa kulima lazima umwachie sugu viganjani.

Kama wapiga drams wengi wa makanisani, sikufundishwa na mtu. Nilikaa nyuma ya aliyenitangulia, nikatazama mikono yake, na siku aliposafiri nikakalia kiti chake. Kwa mbali niliona stiki zikipanda na kushuka, lakini sikuona vidole vinafanya nini, kwa hiyo nikashika stiki kama mtu anavyoshika nyundo: vidole vyote vimefunga ngumi, na kidole cha shahada kimenyooka juu ya stiki kana kwamba naelekeza njia. Stiki zenyewe zilikuwa za mti wa mpera, alizotuchongea seremala wa jirani, na hakuna mbili zilizolingana uzito. Siku moja stiki ya kushoto iliniponyoka katikati ya wimbo, na kuanzia siku hiyo nikaongeza nguvu ya kubana. Kadiri nilivyobana ndivyo kila pigo lilivyorudi mkononi badala ya kubaki kwenye ngoma, na kadiri mkono ulivyochoka ndivyo nilivyozidi kubana.

Daktari aliyenipima alisema kano za mkono zimepata uvimbe, akanitaka nipumzike wiki tatu. Nilizitumia wiki hizo kumtembelea mzee mmoja anayeishi si mbali na kwetu, ambaye ujanani alipiga drams katika bendi za dansi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na nilipomweleza yaliyonipata hakuniuliza napiga nyimbo gani wala kwa kasi gani. Alinipa stiki moja akasema, "Hebu ishike unavyoishika siku zote." Nilipoishika, akaivuta kwa ncha, nayo haikutoka.

"Umeona, mwanangu?" akaniambia. "Stiki hiyo haiwezi kupiga ngoma, kwa sababu haina pa kwenda. Wewe umeing'ang'ania. Ngoma inataka kukurudishia, na wewe unaikatalia."

Maneno hayo niliyaelewa nusu tu siku ile, lakini zoezi alilonipa lilinieleza nusu iliyobaki. Alikuwa na kipande cha ubao kilichogundishwa tyubu ya tairi la baiskeli, ambacho ndicho alichofanyia mazoezi miaka yote. Aliniambia niishike stiki kwa vidole viwili tu, gumba na kidole cha shahada, niinue kidogo, kisha niiachie idondokee kwenye tyubu bila kuisukuma, na nihesabu inadunda mara ngapi kabla ya kutulia. Niliposhika karibu na mkia wa stiki, ilidunda mara tatu ikafa. Niliposhika karibu na katikati, ilidunda mara nne, nzito na bila furaha. Nikawa nahamisha vidole sentimita moja moja, mpaka nikafika mahali ambapo stiki ilidunda mara nane, mara tisa, kama mpira ulioachiwa sakafuni. Hapo akanipa kalamu nipaweke alama. Kwa stiki ya kawaida yenye urefu wa inchi 16, yaani sentimita 40 na kidogo, alama hiyo huangukia takriban theluthi moja ya urefu kutoka mkiani, sentimita 13 au 14 hivi, lakini namshauri kila anayejifunza aipate kwa kuhesabu midundo na si kwa rula, kwa sababu kila stiki ina uzani wake.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani nilikumbuka somo la sayansi la shule ya msingi kuhusu wenzo na egemeo. Stiki ni wenzo, na mahali gumba linapokutana na kidole kingine ndipo penye egemeo. Wenzo ukifungwa pande zote hauwi wenzo tena. Vidole vitatu vilivyobaki havina kazi ya kubana. Kazi yake ni kuigusa stiki kwa chini, kuifuata inaporuka na kuirudisha inapotakiwa kushuka. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja ninapopiga: je, nyuma ya egemeo stiki ina nafasi ya kucheza ndani ya kiganja? Ikiwa haina, najua maumivu yako njiani.

Kuna jambo moja hapa ambalo walimu hawakubaliani, nami nina msimamo wangu. Wengine huweka egemeo kati ya gumba na kifundo cha kwanza cha kidole cha shahada, na wengine huliweka kati ya gumba na kidole cha kati. Kwangu mimi, niliyekuwa na tabia ya kunyoosha kidole cha shahada, egemeo la kidole cha kati ndilo lililoniokoa, kwa sababu lilimpokonya yule mkosaji kazi kwa miezi miwili hadi akasahau ukaidi wake. Baadaye nilirudi kwenye kidole cha shahada kwa mapigo ya taratibu na ya chini, ambayo yanadai usahihi zaidi, nikabaki na kidole cha kati kwa mapigo ya nguvu.

Baada ya egemeo ndipo nilipojifunza mishiko yenyewe. Ule ambao mikono yote miwili hushika kwa namna moja una sura tatu, nazo hutajwa kwa majina ya nchi. Katika mshiko wa Kijerumani, viganja hutazama chini kabisa, viwiko hutoka nje kidogo, na kifundo cha mkono ndicho kinachofanya kazi kubwa. Sauti yake ni nene na yenye nguvu. Katika mshiko wa Kifaransa, viganja hutazamana, gumba hukaa juu ya stiki, na vidole ndivyo vinavyoiendesha. Wapigaji wa timpani, zile ngoma kubwa zenye umbo la chungu, katika orkestra huupenda kwa wepesi wake. Mshiko wa Kimarekani hukaa kati ya hiyo miwili, kiganja kikiwa kimeinama kama nusu ya njia. Niliijaribu yote kwenye tyubu kabla ya kukaribia drams, na niligundua kwamba sihitaji kuchagua mmoja tu. Mkono wangu wa kushoto, unaopiga snea, ile ngoma yenye sauti kali iliyo mbele ya mpigaji, hukaa vizuri katika mshiko wa Kimarekani. Mkono wa kulia nao hugeuka kuelekea Kifaransa ninapokwenda kwenye hai-hati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu, au kwenye toazi kubwa la pembeni, kwa kuwa pale natafuta mapigo mengi mepesi. Mikono huhama yenyewe bila mtu kuamua, mradi egemeo halihami.

Mzee mwenyewe hakushika hivyo. Yeye mkono wake wa kushoto uligeuza kiganja juu, stiki ikilala katika pengo kati ya gumba na kidole cha shahada na kuegemea kidole cha pete. Mshiko huo ulitoka kwa wapiga ngoma wa majeshi, waliobeba ngoma kwa mkanda wa begani: ngoma iliinamia upande mmoja wanapotembea, na mkono wa kushoto haukuweza kuufikia uso wake bila kugonga ukingo, isipokuwa kwa kugeuzwa. Wapiga drams wa jazi waliurithi, na wakubwa kama Max Roach na Buddy Rich waliutumia wakiwa wameketi, ingawa ngoma zao hazikuning'inia popote. Ringo Starr wa Beatles, bendi ya Uingereza, alipoonekana katika televisheni ya Marekani mwezi Februari 1964 akishika stiki zote mbili kwa namna moja, vijana wengi walimfuata. Nilijaribu mshiko wa mzee kwa heshima yake kwa wiki sita hivi. Una utamu wake katika mapigo madogo ya chini chini, lakini kwa snea inayotakiwa kusikika juu ya magitaa, kinanda na waimbaji 40, mkono wangu haukuwa na sababu ya kuuchukua, nami nilimwambia hivyo waziwazi. Hakuona vibaya.

Jambo lililobadilisha upigaji wangu kuliko yote ni aina nne za mapigo, na hapa naomba msomaji anayejifunza atulie. Pigo kamili huanza juu na kurudi juu: unairusha stiki, ngozi ya ngoma inairudisha, na wewe unaipokea pale pale ulipoanzia. Pigo la kushuka huanza juu lakini huishia chini, kwa sababu baada ya kugonga, vidole huifunga stiki kidogo isipande. Pigo dogo huanza chini na kuishia chini. Pigo la kupanda huanza chini, lakini baada ya kugonga, kifundo huinuka na kuiandaa stiki juu kwa ajili ya pigo linalofuata. Mimi nilikuwa na pigo moja tu maishani, la kushuka, na nililipiga kwa kila noti. Kila mara nilipogonga niliizuia stiki isirudi, kisha nikaiinua tena kwa nguvu zangu. Katika sebene ya dakika kumi, maelfu ya mapigo yaliinuliwa na msuli wangu ilhali ngozi ya ngoma ilikuwa tayari kuyainua bure.

Niliyatumia mapigo hayo kwanza kwenye hai-hati. Badala ya kugonga mara nne kwa nguvu ileile, nilipiga la kwanza la kushuka, mawili yaliyofuata madogo, na la nne la kupanda, na papo hapo hai-hati ikaanza kuzungumza: sauti moja kubwa, mbili ndogo, na moja inayovuta pumzi. Kasi iliongezeka bila mimi kuitafuta. Baadaye nilisoma kuhusu Sanford Moeller, Mmarekani aliyewachunguza wapiga ngoma wazee wa jeshi na kueleza mwendo wao unaofanana na kuchapa kiboko, ambapo kigasha hutangulia na stiki hufuata mwisho. Nikatambua kwamba mkono wangu ulikuwa umeanza kufanya hivyo wenyewe kwenye lile pigo la kupanda.

Ratiba yangu haikuwa ya kishujaa. Wiki nne za mwanzo nilifanya dakika 20 asubuhi na 20 jioni kwenye ubao wangu wenye tyubu, metronomu ya simu, ile inayohesabu mapigo kwa mlio, ikiwa kwenye mapigo 60 kwa dakika, na sikuongeza zaidi ya mapigo manne kwa wiki. Percussive Arts Society, chama cha wapiga ngoma cha Marekani, ina orodha ya mazoezi 40 ya msingi, lakini mimi nilishikilia matatu: kulia na kushoto kwa zamu, mawili mawili kwa kila mkono, na lile la kulia, kushoto, kulia, kulia, kisha kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Kila zoezi nililianzisha na mkono wa kushoto. Mara moja kwa wiki nilipiga kwenye mto, ambao haurudishi chochote, lakini siku hiyo sikuzidisha dakika tano, kwa sababu mto humrudisha mtu haraka kwenye tabia ya kubana. Na kila nilipohisi joto kwenye kigasha, niliacha. Sikusubiri maumivu.

Nilibadilisha pia vitu viwili vidogo. Niliachana na stiki za mpera nikanunua jozi ya 5A, yaani stiki za unene wa wastani, za mti mgumu wa hikori, zilizolingana uzito, na niliinua kiti mpaka mapaja yakainama kidogo kuelekea magotini, nikishusha snea ili kifundo cha kushoto kisipinde kwenda juu. Kwa muda mrefu nilikuwa nimelaumu mkono kwa kosa la kiti.

Nilirudi kanisani mwezi Agosti, nikapiga ibada moja tu kwa Jumapili. Wiki mbili za kwanza mwalimu wa kwaya alilalamika kwamba snea imepoa, na alikuwa na haki, kwa kuwa nilikuwa nimelegeza mikono bila kujua bado namna ya kuirusha stiki kutoka juu. Nilirudi kwenye pigo kamili kwa urefu wa sentimita 30, taratibu, na sauti ikarejea ikiwa nene zaidi ya ile ya zamani, maana ngozi ilikuwa sasa inaachiwa itetemeke. Usiku wa mkesha wa mwaka mpya nilipiga kuanzia saa nne hadi karibu saa tisa, na alfajiri nilisaidia kubeba spika hadi kwenye gari.

Jozi moja ya stiki, iliyokuwa ikivunjika shingoni kila baada ya Jumapili mbili au tatu, sasa hunifikisha miezi minne, na inapoisha huwa imelika taratibu pale inapopita kwenye ukingo wa hai-hati. Kijana ninayemfundisha siku hizi huja Jumamosi saa kumi, na kabla hajakaa nyuma ya drams, naivuta stiki yake kwa ncha. Wiki iliyopita ya kulia ilitoka kwa urahisi. Ya kushoto bado.